Shajara ya Mweka Hazina wa Kisima, Ramisi

Jumamosi, 14 Januari 2023

Wageni kutoka Nairobi wameitisha mkutano leo asubuhi kwa chifu. Wanatafuta ubunifu wa teknolojia uliozaliwa katika jamii zilizoachwa nyuma, na utakaoshinda utapewa mtaji. Kila kikundi kikapata fomu. Vijana wa bodaboda wakaandika programu ya kuitia pikipiki. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ni fundi simu hapa stendi, akaandika programu ya kuuzia samaki wa Shimoni na Vanga. Fomu yetu sisi kina mama wa kamati ya maji niliijaza mimi, na palipoulizwa ubunifu wetu ni upi nikaandika: pampu ya mkono.

Kijana aliyekusanya fomu akaisoma, akairudia. Akaniuliza, kwa adabu nzuri, kama hatuna wazo jipya zaidi.

Swali lake nimerudi nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya nifungue daftari hili la pili, mbali na lile la hesabu. Pampu ile haikuletwa hapa ikiwa imekamilika. Inaitwa Afridev. Miaka ya 1980 ilijaribiwa, ikavunjika na kuundwa upya hapa Kwale na kule Malawi, chini ya mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, na leo inavuta maji Msumbiji, Ethiopia, mpaka Pakistani. Ukitaja Ramisi watu hukumbuka sukari: kiwanda cha zamani kilichofungwa mwaka 1988, kisha miwa iliyorudi na kampuni ya KISCOL. Sukari iko kila mahali. Mpini ule unaopigwa na watoto wetu kabla ya kwenda shule ndio uliotoka Pwani ya Kusini ukaenda ulimwenguni, na vijana wetu wanaupita kila siku bila kujua. Ukiona vyaelea, vyaundwa.

Alhamisi, 2 Februari

Nimemwomba mama yangu anisimulie habari za pampu polepole, niandike.

Anasema mwanzo wenyewe kina mama hawakuwamo. Wahandisi walianza kujaribu pampu huku mwaka 1983, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa katika ule muongo wake wa maji, 1981 hadi 1990. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, na watu wakaziona ni mali ya serikali. Ikiharibika, aje mwenyewe aitengeneze. Ndipo likaletwa shirika la Kikenya, KWAHO, likae na watu vijijini. Kutoka huko zikatokea kamati za maji zenye wanawake ndani yake, na wanawake wakafundishwa kufungua pampu.

"Wazee walisema nini?" nikamuuliza.

"Walisema mengi. Babako alisema neno moja tu: nenda, lakini jua lisikutulie huko."

Walifundishiwa chini ya mwembe, vyuma vimepangwa juu ya mkeka. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila kifaa walikijua kwa mkono: hiki kina mdomo, hiki kina pete, hiki kikiwa na mkwaruzo kitupe. Pampu za kale zilitaka winchi na wanaume wa kuvuta mabomba ya chuma. Hii ilikusudiwa kufunguliwa na watu wa kijiji wenyewe: bomba la plastiki, fimbo zinazoshikana kwa ndoano bila kukazwa, na pistoni inayotolewa juu bila kung'oa bomba lote. Spana ni moja. Mchoro wake hauna mwenye kuufungia. Kiwanda chochote, popote, kinaruhusiwa kuitengeneza.

Wahandisi, anasema, walikuwa wakiandika kila kinachokatika na kimekatika baada ya muda gani. Na kina mama walikuwa wakisema mambo ambayo hayakuwa katika vitabu vyao. Kwamba pampu ikikaribia kuugua hubadilika mlio. Kwamba mpini huwa mzito zaidi wakati wa kaskazi kuliko wakati wa masika, hata kama kila kifaa ni kizima. "Mkono wa mwenye kuteka maji ndio unaojua kwanza," Mama akasema. Nimelipigia mstari.

Kilichomtia Mama hofu hakikuwa spana bali akaunti ya benki. Kutia sahihi kwa dole gumba mbele ya karani, pesa za kijiji kizima, yeye ambaye hakuwa amewahi kuwa na akaunti yake mwenyewe. Serikali ya Sweden iliingia baadaye kwa fedha zaidi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990, mradi ulipokwisha, mamia ya pampu zilikuwa zimefungwa Kwale. Nyingine bado zinafanya kazi. Nyingine ni vigogo vya saruji watoto wanapokalia.

Jumapili, 19 Februari

Kisima cha karibu na msikiti kimesimama tangu Jumatano. Jua ni kali, mvua zilizopita zilitupita, na kina mama wanakwenda mpaka kisima cha chini, ambacho maji yake yana chumvi. Mto wenyewe uko pale, tunauona, lakini Mto Ramisi si kama Mto Mkurumudzi: maji yake yana chumvi chumvi, hayakati kiu. Mwenye mkokoteni amepandisha bei ya mtungi mara mbili. Simlaumu, naye ana punda wa kulisha.

Kilichoharibika ni fimbo moja iliyokatika na raba za pistoni. Raba ni kitu kidogo kabisa. Fimbo si kitu kikubwa sana. Lakini kisanduku cha kamati kilikuwa na pesa za raba tu, kwa sababu nyumba nyingi hazijatoa ile shilingi 100 ya mwezi tangu Desemba.

Nilipata kusoma makadirio ya mwaka 2009 ya mtandao wa maji vijijini unaoitwa RWSN, kwamba Afrika kusini mwa Sahara zaidi ya pampu 1 kati ya 3 hazifanyi kazi. Watu wakisikia hivyo husema teknolojia imeshindwa. Mimi niko na daftari la hesabu mbele yangu na nasema chuma hakijashindwa. Aliyefundishwa mwaka 1985 amezeeka na hakufundisha mwingine. Duka la vipuri lililokuwa karibu lilifungwa. Kamati ilifiwa na mwenyekiti, mweka hazina akaolewa mbali, na akaunti ikabaki na majina ya marehemu. Pampu iliundwa vizuri. Mpango wa kuitunza uliachwa ujiendee wenyewe, ukafuata watu makaburini na mijini.

Tumekopa kwa kikundi cha kuchangiana kwa zamu, merry-go-round, tutalipa Machi. Fundi anakuja kesho.

Jumatatu, 13 Machi

Leo niandike kirefu, maana nimelala nikiwaza.

Fundi simu wetu alikuja na kidubwasha kilichowahi kuwa ndani ya mpini wa pampu moja ya upande wa Msambweni. Mzee mmoja alikihifadhi kabatini baada ya kifaa hicho kufa. Kijana akakifungua mbele yangu kwa bisibisi ndogo. Ndani mna betri, kadi ya simu, na kipande kisichozidi ukucha ambacho husikia mwendo. "Shangazi, hiki ndicho kiko ndani ya kila simu ninayotengeneza," akaniambia. "Ndicho kinachojua umeigeuza simu ubavu."

Nikamweleza ninachokijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akina Rob Hope na Patrick Thomson, walifikiri hivi: mpini ukipanda na kushuka, kifaa kitahesabu, hesabu itatumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, pampu ikinyamaza, fundi atajua bila kungoja mtu apande matatu kwenda kulalamika. Mwaka 2013 walikijaribu Kyuso, kaunti ya Kitui, kwenye pampu 66. Kabla yake pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada yake, chini ya siku 3. Kisha wakaja Kwale, na kukaanzishwa huduma ya matengenezo inayoitwa FundiFix, ambayo mafundi wake hupanda pikipiki na vijiji hulipa kidogo kila mwezi kwa M-Pesa.

Kijana akasema, "Basi kumbe ni chipu."

Hapana. Chipu ilifupisha njia ya habari tu. Zile siku 27 zilipungua kwa sababu upande wa pili wa ujumbe ule kulikuwa na fundi mwenye vipuri, aliyeahidi kuja, na aliyelipwa kuja. Toa fundi, bakisha chipu: utapata habari upesi kwamba huna maji. Na hata malipo ya vijiji peke yake hayatoshi. FundiFix inasaidiwa na mfuko wa dhamana unaochangiwa na wengine. Jambo hili lisemwe wazi. Mtu wa mjini hajengewi bomba kuu kwa shilingi zake za mwezi, kwa nini mwanamke wa Ramisi aambiwe gharama yote ni yake ndiyo aitwe mwenye kujitegemea?

Lakini lililoninyima usingizi ni jingine. Kati ya 2015 na 2019 kulikuwa na utafiti mkubwa huku kwetu wa maji ya chini ya ardhi, ukiitwa Gro for GooD, wa Oxford pamoja na vyuo vikuu vya Nairobi, Jomo Kenyatta na kimoja cha Catalonia. Wataalamu wao waligundua kwamba mtikisiko wa mpini hauelezi tu kama pampu inafanya kazi. Unaeleza maji yako umbali gani chini. Walichapisha mwaka 2017. Kompyuta ilifundishwa kusikiliza mitikisiko ya pampu za kawaida, ikajifunza kubashiri kina cha maji, bila kuchimba kisima kingine cha kupimia.

Nikamsomea Mama. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Si nilikwambia mpini huwa mzito wakati wa kaskazi?"

Alikuwa amewaambia miaka thelathini kabla. Sisemi waliiba, hawakuiba, kila mmoja alifika kwa njia yake, na hesabu zile si za mchezo. Watafiti wale walifanya mikutano, wakaanzisha vilabu vya maji katika shule za sekondari, haki yao nawapa. Ninachosema ni kwamba kipimo kilikwenda mbali kikakaa huko. Ukiniuliza leo, mimi mweka hazina, maji ya kisima chetu yameshuka kiasi gani tangu ukame huu uanze, sina pa kutazama. Jibu lilipita mikononi mwetu likaingia kwenye jarida la kisayansi.

Na jibu hilo tunalihitaji. Tumezungukwa na miwa inayomwagiliwa kwa maji ya mabwawa na visima virefu. Kila kaskazi watu hunong'ona kwamba visima vyetu vinanyonywa. Sijui, na sitamlaumu mtu bila kipimo. Ndiyo maana nataka kipimo kiwe chetu. Mtu maskini akienda ofisini na malalamiko huambiwa avumilie. Akienda na daftari la miaka mitatu, lenye tarehe, huvutiwa kiti.

Ijumaa, 31 Machi

Ramadhani. Foleni imehamia usiku, baada ya tarawehe, na wengine kabla ya daku. Mafuta ya kupikia yamepanda, sukari imepanda katikati ya mashamba ya miwa. Deni la merry-go-round tumelipa. Nyumba zilizotoa mchango mwezi huu ni nyingi kuliko Februari. Watu hutoa kwa moyo mwezi huu.

Jumatano, 17 Mei

Mvua imekuja, si ya kutosha lakini imekuja. Nimekwenda Gazi na mwenyekiti wa kamati kuwaona wenzetu wa Mikoko Pamoja.

Nilitaka kuona jinsi kijiji kinavyoshika kitu cha kisayansi bila kunyang'anywa. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Hakuna kijiji kilichowatangulia duniani kuuza hewa ukaa ya mikoko kwa namna hii, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Wanasayansi wapo, kituo cha utafiti wa bahari cha KMFRI kiko palepale Gazi, na wa ng'ambo pia. Lakini pesa ikiingia, wanakijiji hukaa mkutanoni wakaamua ifanye nini. Wameamua maji, wameamua vitabu vya shule.

Tulitembezwa na mama mmoja aliyetuonyesha jinsi ya kupima unene wa mti kwa utepe. Hana cheti. Anajua kila kipande cha msitu, anajua namba ikiandikwa inakwenda wapi, na anajua ikirudi inarudi na nini. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikilitafuta. Sisi tulipiga mpini, namba zikaenda. Hatukujua zingerudi na nini, kwa hiyo hatukudai.

Njiani mwenyekiti akanikumbusha Kinango, ambako vikundi vinatumia Sarafu, ile fedha ya kijiji ya kwenye simu. Ilianzia Mombasa, mtaa wa Bangladesh, mwaka 2013, ikiitwa Bangla-Pesa, ya karatasi. Walioianzisha wakakamatwa, kesi ikafutwa, na wazo likaendelea. Kinango limekaa vizuri kwa sababu kusaidiana kwa zamu shambani wamekujua tangu enzi za mababu. Simu ikapewa kazi ya kuandika nani kamlimia nani. Mwenyekiti anapenda tuanze hapa. Mimi nasema tumalize la maji kwanza.

Jumanne, 11 Julai

Kusi inavuma, baridi ya kujifunika leso.

Tumeanza kupima. Kisima cha wazi cha zamani, kilicho mita chache kutoka kwenye pampu, tunakitumia kama jicho. Kamba, jiwe, na fundo kila nusu mita, halafu rula kwa kilichobaki. Kila Ijumaa kabla ya watu kuanza kuteka, kwa sababu wakishateka maji hushuka na kipimo hudanganya. Wasichana wawili wa kidato cha pili ndio wenye kazi hiyo, na wameikamata kuliko nilivyotarajia. Mmoja aligundua mwenyewe kwamba kamba mbichi hurefuka. Wamehamia waya wa nguo.

Fundi simu wetu naye hakulala. Ameacha programu ya samaki kwa muda. Ametoa vipande kwenye simu mbovu, amenunua vingine kwa mtandao, na amefunga kifaa ndani ya kopo la plastiki kwenye mpini. Kinahesabu. Hakijui kina cha maji, na yeye mwenyewe anasema hilo linataka hisabati ambayo hana bado, lakini kinajua mpini umepigwa mara ngapi tangu alfajiri, na kinatuma ujumbe mmoja jioni kwa simu ya kamati.

Maji yaliingia. Akaziba kwa gundi ya mabomba. Yakaingia tena. Sasa amekining'iniza chini ya kifuniko, kinywa kikitazama chini, na kinakaa kikavu.

Swali langu kwake halikuwa la gundi. "Baba, salio la ujumbe atalipa nani?" Akasema atalipa yeye. Nikamkatalia. Siku akipata kazi Mombasa, na namuombea aipate, pampu yetu itanyamaza pamoja naye. Salio limeingia kwenye bajeti ya kamati, mstari wake wenyewe, baada ya raba na kabla ya posho ya mkutano. Kifaa kimeandikwa katika orodha ya mali ya kamati. Yeye ameandikwa fundi, analipwa, na ameanza kumfundisha mmoja wa wale wasichana kushika chuma cha kulehemu.

Jumamosi, 9 Septemba

Mkutano mkali leo. Watu wa kisima cha chini hawataki kulipa sawa na sisi wa juu, na wana haki. Maji yao yana chumvi. Wanayatumia kufulia na kuogea, ya kunywa wanafuata kwetu au wananunua. Watafiti Tim Foster na Rob Hope walipekua vitabu vya kamati za maji za hapa Kwale, vya miaka mingi, wakakuta kwamba ladha ya maji ni sababu kubwa ya watu kulipa au kutolipa. Vitabu vile viliandikwa na kina mama wa kizazi cha Mama yangu, kwa kalamu ya risasi. Ningependa waandishi wale wajue kwamba maandishi yao yalikuwa ushahidi.

Mzee mmoja akapendekeza tuache mchango wa mwezi, tutoze kwa mtungi. Pesa zingepatikana zaidi, ni kweli. Lakini mwenye watoto wengi na kipato kidogo ndiye atakayerudi kwenye kidimbwi. Nimesimama nikalisema hilo kwa sauti kuliko kawaida yangu. Tumekubaliana: mwezi kwa nyumba, nusu kwa watu wa kisima cha chini, wajane na wakongwe hawatozwi.

Wale wageni wa Januari walipiga simu wiki hii. Wamesikia habari za kifaa. Wanataka kukiingiza kwenye shindano, kwa sharti kwamba mchoro uwe wao kwa miaka kadhaa. Kijana alinitazama, nami nikamwambia uamuzi ni wake na wa kamati, si wangu. Alifikiri siku mbili, akaja mkutanoni leo, akasema mwenyewe: Afridev haikufungiwa, ndiyo maana raba zake hutufikia kutoka kiwanda chochote, basi na hiki kisifungiwe. Watu wakampigia makofi. Mimi nilimtazama na kuona uso wa kaka yangu.

Ninajua pesa ile ingemsaidia. Nitahakikisha kamati inamlipa kwa wakati, kila mwezi, bila kukumbushwa.

Jumamosi, 18 Novemba

El Niño. Mvua haijui kukatika. Mto umejaa, mwekundu, na mashamba ya bondeni yamezama.

Ujumbe wa jioni umeshuka sana: watu wanakinga maji ya mabati, pampuni hawaji. Na mchango umeshuka papo hapo. Mtu ambaye hajateka maji mwezi mzima haoni kwa nini atoe. Ndipo nilipoelewa vizuri kwa nini pampu nyingi hufa Januari na Februari: pesa za kuzitengenezea zilitakiwa kukusanywa Novemba, wakati hakuna anayezifikiria. Ili kila mtu aone, nimeandika kwenye ubao wa msikitini na wa kanisani: mipigo ya mpini ya mwezi, kina cha maji, na fedha iliyomo, mistari mitatu. Maji ya kisima cha wazi yamepanda kuliko tulivyowahi kuandika.

Lakini kupanda huko si heri tupu. Ardhi yetu ya matumbawe na mchanga hupitisha kila kitu, na vyoo vya shimo vimefurika. Tumetangaza maji yote yatiwe dawa au yachemshwe, hata ya pampu. Hili kifaa chetu hakilisikii. Mtu wa afya wa kijiji ndiye anayelifuatilia, nyumba kwa nyumba, na mwavuli uliovunjika. Kamati imempa viatu vya mvua.

Jumapili, 3 Desemba

Tumefunga mwaka wa hesabu. Pampu ya msikitini haikusimama zaidi ya siku mbili mfululizo tangu Julai. Wasichana wanne wamefundishwa kuifungua mpaka valvu ya chini, na Mama aliwasimamia akiwa amekaa kitini, akisahihisha kwa fimbo ya kutembelea. Majina ya marehemu yametolewa kwenye akaunti.

Mkutano umenituma niandike barua kwa idara ya maji ya kaunti, na nimeiandika usiku huu. Nimetaja Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nimeambatanisha vipimo vya kila Ijumaa na mipigo ya kila mwezi. Kisha nimeomba hivi: msituchimbie kisima kipya mwaka huu. Wekeni duka moja la fimbo, raba na mabomba hapa Msambweni, lenye bei iliyobandikwa mlangoni, na mchangie mfuko wa matengenezo kwa kiasi kinachojulikana, kila mwaka. Kijiji chochote kitakachotaka mchoro wa kifaa chetu, au jinsi ya kupima kwa waya, watume mtu Ramisi siku ya Ijumaa asubuhi, atafundishwa bure.

Mwenyekiti ametia sahihi, mimi nimetia, na Mama ametia, safari hii kwa jina lake kamili. Barua inakwenda Kwale kesho.